Kusomea Mifumo ya Taarifa za Kijiografia Nakuru na Magharibi mwa Kenya: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Mwanafunzi anayemaliza kidato cha nne Kisumu, Kakamega au Nakuru na kutamani kusomea mifumo ya taarifa za kijiografia, ambayo karibu kila mtu huiita GIS, kwa kawaida hupewa shauri moja tu: atafute kompyuta nzuri ajifunze programu. Shauri hilo halitoshi, na kwa maoni yangu ndilo linalowapotosha wengi. Programu hubadilika kila baada ya miaka michache. Kinachobaki ni uwezo wa kujua kitu kiko wapi hasa juu ya uso wa dunia, habari zake zilipimwa na nani, lini, kwa usahihi gani, na iwapo zinaweza kuwekwa pamoja na habari nyingine bila kumdanganya anayezisoma. Mwongozo huu unamfuata mwanafunzi tangu anapochagua kozi hadi anapotafuta kazi, na unakaa kwa kirefu mahali ambapo wanafunzi wa sehemu hizi hukwama zaidi, yaani kwenye majiranukta, zile namba zinazotaja mahali kitu kilipo, na kwenye picha za setilaiti.

GIS ni mfumo wa kompyuta unaohifadhi vitu pamoja na mahali vilipo, kila aina ya kitu katika tabaka lake: barabara, mito, mipaka ya wadi, zahanati, mashamba ya miwa. Matabaka hayo yakishapangwa, mfumo hujibu maswali ambayo ramani ya karatasi huyajibu kwa taabu, kwa mfano ni shule gani za msingi zilizo chini ya kilomita moja kutoka kingo za Mto Nyando, na ni zipi kati ya hizo zilizojengwa kwenye ardhi ya chini. Anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa taaluma hii ni Roger Tomlinson wa Kanada, na chanzo cha wazo lake kinatuhusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni aliyoifanyia kazi iliombwa itafute mahali pa kupanda miti ya viwandani nchini Kenya, na hesabu ikaonyesha kwamba kulinganisha ramani zote zilizohitajika kwa mikono kungegharimu fedha nyingi mno. Tomlinson alibaki na swali la kama kompyuta ingeweza kuifanya kazi hiyo, na baadaye akalijibu kwa kuijengea serikali ya Kanada mfumo wa kwanza wa aina yake.

Hatua ya kwanza: soma mtaala, usisome jina la kozi

Kuna milango mitatu ya kuingilia. Wa kwanza ni uhandisi wa taarifa za kijiografia na upimaji ardhi, unaofundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, na katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kilichoko Nyeri. Anayeufuata mlango huu kutoka Kisumu au Bungoma lazima ajiandae kuishi mbali na nyumbani, na lazima awe imara katika Hisabati na Fizikia, kwa sababu masomo hayo mawili ndiyo yanayoamua kama ataitwa. Wa pili ni jiografia, mazingira, maliasili au mipango miji, ambamo GIS hufundishwa kama sehemu ya shahada. Mlango huu uko karibu: Maseno wana shule ya mipango na usanifu majengo, Egerton, pale Njoro, wana kitivo cha mazingira na maendeleo ya rasilimali, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kinajulikana kwa masomo ya kukabiliana na majanga, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, Bondo, kinafundisha mipango ya maeneo, na Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Eldoret wana idara zinazogusa jambo hilohilo. Mlango wa tatu, ambao wengi hawaufikirii, ni sayansi ya kompyuta au takwimu, kisha mtu akaongeza ujuzi wa ramani baadaye. Aliyepungukiwa na alama za shahada anaweza kuanza na diploma katika taasisi ya upimaji na uchoraji ramani, KISM, iliyoko Ruaraka, Nairobi.

Kozi mbili zinaweza kuwa na majina yanayofanana kabisa na zikatofautiana kama mchana na usiku. Kabla ya kujaza fomu ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, pata mtaala wa idara na uuhoji. Ni masomo mangapi ya GIS yenyewe yaliyomo, na je, yanaanza mwaka wa pili au yamerundikwa mwaka wa nne? Picha za setilaiti zina somo lake? Takwimu zinafundishwa mara moja tu, au zinaendelea? Kuna somo la kuandika programu? Wanafunzi hutoka nje kupima, au kila kitu hufanyika maabara? Swali hili la mwisho nalipa uzito kuliko mengine yote, kwa kuwa aliyewahi kukanyaga matope ya nyanda za Kano, karibu na Kisumu, akiwa na kifaa cha kupimia mkononi husoma ramani kwa jicho ambalo maabara peke yake haiwezi kumpa.

Alama ya jumla inayohitajika kwa shahada ni C+, lakini alama za makundi ya masomo hubadilika kila mwaka kulingana na ushindani. Zisome kwenye tovuti ya KUCCPS mwaka uleule unaoomba, wala usitegemee alama za ndugu yako aliyetangulia.

Hatua ya pili: vifaa

Hapa pasikupotezee muda. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha kwa miaka miwili ya kwanza, na ya gigabaiti 16 itakufikisha mwisho wa shahada. Programu ya QGIS ni ya bure na hufanya sehemu kubwa ya kazi zinazofanywa na ArcGIS, ambayo leseni yake ni ghali na mara nyingi hupatikana katika maabara ya chuo pekee. Jifunze zote mbili chuo kikikupa nafasi. Kama huna budi kuchagua, chagua ile utakayoweza kuitumia hata baada ya kuhitimu. Simu janja ya kawaida yenye programu ya QField au KoboCollect hutosha kukusanya alama uwanjani, na mahali palipo wazi kosa lake huwa mita chache tu. Chini ya miti mikubwa au kati ya majengo marefu kosa huongezeka. Picha za setilaiti ni nzito, hivyo zipakue ukiwa kwenye mtandao wa chuo badala ya kumaliza bando lako.

Hatua ya tatu: majiranukta, mahali ambapo wengi huangukia

Hakuna sehemu ya Kenya inayomfundisha mwanafunzi somo la majiranukta vizuri kuliko hii yetu, wala hakuna inayomwadhibu zaidi asipolielewa. Upimaji wetu hutumia mfumo wa UTM, unaotaja mahali kwa mita badala ya digrii na unaoigawa dunia katika kanda 60, kila moja ikiwa na upana wa digrii 6 za longitudo. Mpaka kati ya ukanda wa 36 na ukanda wa 37 ni longitudo ya digrii 36 mashariki, nayo inakata kaunti ya Nakuru. Njoro iko upande wa magharibi wa mstari huo, ndani ya ukanda wa 36, ilhali jiji la Nakuru, mwendo mfupi tu kwa matatu, limo katika ukanda wa 37. Mwanafunzi wa Egerton anayepima mashamba ya chuo asubuhi na soko la mjini alasiri amevuka ukanda bila kujua.

Upande wa magharibi kuna mpaka mwingine. Ikweta inapita Maseno, kwa hiyo Kisumu hutumia ukanda wa 36 Kusini, na Kakamega hutumia ukanda wa 36 Kaskazini. Kusini mwa Ikweta mfumo huongeza mita 10,000,000 kwenye kipimo cha kaskazini ili kuepuka namba hasi. Ndiyo maana Kisumu mjini husomeka takriban 9,990,000, huku Kakamega mjini, iliyo umbali usiofika kilomita 50, ikisomeka takriban 31,000. Ukiweka namba za Kakamega katika ukanda wa kusini, zahanati yako itatupwa karibu na Ncha ya Kusini. Kosa hilo lina nafuu, kwa sababu huonekana papo hapo.

Kosa baya ni lile lisiloonekana. Ramani za topografia za kipimo cha 1:50,000 zilizotolewa na idara ya upimaji ya Kenya zimechorwa kwa datamu (msingi wa kupimia mahali) ya Arc 1960, inayotegemea duaradufu ya Clarke ya 1880, yaani kadirio la umbo la dunia, wakati simu yako na picha za setilaiti hutumia datamu nyingine, WGS 84. Nambari za mahali pamoja katika mifumo hiyo miwili hutofautiana kwa takriban mita 300, hasa katika mwelekeo wa kaskazini na kusini. Kwenye skrini inayoonyesha kaunti nzima, mita 300 hazionekani. Shambani zinatosha kukihamisha kisima hadi ng'ambo ya mto au kukiweka kijiji ndani ya msitu wa hifadhi. Ramani za zamani za viwanja zina mfumo wa tatu, projeksheni (njia ya kuulaza uso wa dunia kwenye karatasi) ya Cassini, na baadhi yake hupima kwa futi. Ukikabidhiwa ramani ya zamani, soma maandishi madogo yaliyo pembeni kabla ya kugusa kitu kingine.

Kila mfumo una namba yake ya utambulisho, iitwayo EPSG, na namba zifuatazo zinafaa kukaririwa na yeyote anayefanya kazi sehemu hizi. WGS 84 kwa digrii ni 4326. WGS 84 ukanda wa 36 Kusini ni 32736, ukanda wa 36 Kaskazini ni 32636, ukanda wa 37 Kusini ni 32737, na ukanda wa 37 Kaskazini ni 32637. Arc 1960 ukanda wa 36 Kusini ni 21036, na ukanda wa 37 Kusini ni 21037.

Sasa utaratibu wenyewe. Ukifungua tabaka jipya, jambo la kwanza ni kuangalia namba yake ya mfumo. Ikiwa haina, mtafute aliyelitengeneza na umuulize, usikisie. Pili, tofautisha kati ya kulitambulisha tabaka na kuligeuza. Kulitambulisha ni kuiambia programu kwamba namba hizi ni za mfumo fulani, na namba zenyewe hazibadiliki. Kuligeuza ni kuzikokotoa upya ili ziingie katika mfumo mwingine. Anayetambulisha pale alipopaswa kugeuza huharibu kazi yote kimyakimya, na hili ndilo kosa linalojitokeza zaidi katika miradi ya mwaka wa nne. Tatu, chagua mfumo mmoja kwa mradi mzima hata kama eneo lako linavuka mpaka. Ukitumia ukanda wa 36 kutoka Kisumu hadi jiji la Nakuru, upotoshaji wa umbali upande wa Nakuru utakuwa takriban mita 1 kwa kila kilomita, kiasi kinachovumilika katika kazi za mipango, ingawa hakivumiliki katika kupima kiwanja. Nne, kamwe usipime eneo la shamba wakati tabaka liko katika digrii.

Kuna mtego mwingine unaowangojea wanaoishi karibu na Ikweta. Ramani za mtandaoni hutumia projeksheni ya Mercator ya mtandao, namba 3857, inayovimbisha maeneo kadiri unavyokwenda mbali na Ikweta. Kwenye latitudo ya digrii 60 eneo huonekana mara nne ya ukubwa wake. Kwetu Maseno uvimbe huo ni karibu na sifuri, hivyo mwanafunzi anaweza kupima maeneo kwa mfumo usiofaa kwa miaka minne na kupata majibu sahihi. Siku atakapopata kazi inayohusu nchi ya mbali na Ikweta, majibu yake yatakuwa ya uongo na hatajua kwa nini.

Hatua ya nne: kuzijua data na tabia zake

Data huja katika maumbo mawili. Vekta ni nukta, mistari na poligoni (maumbo yaliyofungwa), zinazofaa visima, barabara na mipaka. Rasta ni gridi ya pikseli, yaani vijisanduku vya picha, inayofaa mwinuko wa ardhi, mvua na picha za setilaiti. Mwalimu atakueleza hayo wiki ya kwanza. Atakachokuachia ugundue mwenyewe ni kwamba umbo la kuhifadhia liitwalo shapefile si faili moja bali ni kundi la faili, na ukimtumia mwenzako ile ya .shp peke yake, hatafungua chochote. Umbo hilo pia hukata majina ya safu yasizidi herufi 10. Hifadhi kazi zako katika GeoPackage, ambayo ni faili moja.

Data za bure zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani. OpenStreetMap ina barabara na majengo ya Kisumu, ikiwemo mitaa kama Nyalenda na Manyatta. Mwinuko wa ardhi unapatikana kutoka SRTM, data ya rada iliyopimwa kutoka angani mwaka 2000 kwa pikseli za mita 30. Mvua tangu 1981 inapatikana katika CHIRPS, mkusanyo wa makadirio ya mvua. Idadi ya watu hutoka kwa shirika la takwimu, KNBS, na mipaka ya kaunti 47 na wadi 1,450 hutoka kwa tume ya uchaguzi.

Kuunganisha jedwali la takwimu na ramani ya kaunti kunaonekana rahisi mpaka ujaribu. Jedwali moja limeandika Trans Nzoia, jingine limetia kistari katikati. La tatu limeandika Murang'a bila alama yake. Kompyuta huona majina hayo kuwa ya mahali tofauti, na kaunti hubaki tupu. Tumia namba za kaunti badala ya majina: Nakuru ni 32, Kakamega ni 37, Vihiga ni 38, Kisumu ni 42. Kumbuka pia kwamba takwimu za kabla ya 2013 zimepangwa kwa wilaya na mikoa, na wilaya nyingi hazilingani na mipaka ya leo.

Ukishaunganisha, usikimbilie kupaka rangi. Katika sensa ya 2019, Nakuru ilikuwa na watu 2,162,202 na Vihiga ilikuwa na 590,013. Ukipaka rangi kwa idadi, Nakuru itaiva na Vihiga itafifia, na msomaji ataondoka akiamini kwamba Nakuru ndiko watu wamebanana. Ukipaka kwa msongamano, picha inapinduka: Vihiga ina watu 1,047 kwa kila kilomita ya mraba, Nakuru ina 290. Ramani ya rangi inataka kiwango, yaani kitu kilichogawanywa kwa eneo au kwa idadi ya watu. Idadi tupu ionyeshe kwa duara zenye ukubwa tofauti.

Hatua ya tano: zoezi la Ziwa Nakuru

Hili ni zoezi ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu anaweza kulifanya peke yake, na linagusa karibu kila kitu alichofundishwa. Ziwa Nakuru ni la maji ya magadi, halina mto unaotoka, na kina chake ni kifupi, hivyo mvua ikizidi maji husambaa kwa upana. Tangu miaka ya 2010 ziwa limepanda mpaka lango kuu la zamani la mbuga likamezwa, na sehemu za makazi jirani kama Mwariki na Baruti zikaingiwa na maji. Swali ni moja: eneo la ziwa limeongezeka kwa kiasi gani kati ya 2010 na 2021?

Anza na picha. Setilaiti za Landsat zimepiga picha za dunia tangu 1972, na kumbukumbu zake zimekuwa za bure tangu 2008. Picha hizo hupangwa kwa njia ya setilaiti na safu: Nakuru iko kwenye njia ya 169, safu ya 60, na Kisumu iko kwenye njia ya 170, safu ileile. Chagua picha za Januari au Februari kwa miaka yote miwili, kwa sababu mawingu ni machache na kulinganisha msimu wa mvua na wa kiangazi kutaharibu jibu. Kwa 2010 tumia Landsat 5. Landsat 7 ilipata hitilafu Mei 2003 na tangu hapo picha zake zina mistari mitupu. Kwa 2021 tumia Landsat 8.

Namba za bendi, yaani aina za mwanga ambazo setilaiti hupima kila moja peke yake, hutofautiana kati ya setilaiti hizo mbili, na hapa wengi hukosea. Mwanga wa kijani ni bendi ya 2 katika Landsat 5 na ni bendi ya 3 katika Landsat 8. Infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho, ni ya 4 katika ile ya kwanza na ya 5 katika ile ya pili. Infraredi ya mawimbi mafupi ni ya 5 na ya 6. Ukichukua picha zilizokwisha kusahihishwa athari za anga, za mkusanyo wa pili (Collection 2 Level-2), kwanza zidisha kila pikseli kwa 0.0000275 kisha utoe 0.2. Usiruke hatua hii kwa kudhani kwamba uwiano wa bendi utakaoukokotoa hapa chini hautabadilika. Kule kutoa 0.2 ndiko kunakoubadilisha.

Fahirisi ya maji (hesabu ya kutenganisha maji na nchi kavu) inayofundishwa kwanza huchukua kijani kutoa infraredi ya karibu, kisha hugawanya kwa jumla ya hizo mbili. Pikseli yenye jibu chanya huhesabiwa kuwa maji. Kwa ziwa hili fahirisi hiyo ina udhaifu. Maji ya Nakuru yana viumbe vidogo vya kijani ambavyo ndivyo chakula cha heroe (flamingo), navyo vikizidi huakisi infraredi ya karibu kama majani yafanyavyo, na sehemu ya ziwa ikaonekana kuwa nchi kavu. Tumia infraredi ya mawimbi mafupi badala yake, ambayo maji huimeza karibu yote. Kisha linganisha majibu ya fahirisi zote mbili na ueleze tofauti. Aya hiyo moja itamwonyesha msahihishaji kwamba unaelewa unachokifanya.

Baada ya kutenga maji, geuza pikseli kuwa poligoni, ondoa vipande vidogo ambavyo ni mabwawa au vivuli, na uligeuze tabaka liwe katika mfumo 32737 kabla ya kupima eneo. Usishtuke ukikuta picha ya Landsat ina namba hasi za kaskazini: picha hizo hutolewa katika kanda za kaskazini hata kwa maeneo yaliyo kusini mwa Ikweta. Kila pikseli ni mita za mraba 900, kwa hiyo pikseli 1,111 hivi hufanya kilomita moja ya mraba, na unaweza kuhakiki jibu la programu kwa kikokotoo.

Mwisho, nenda ukaone. Ndani ya mbuga kunahitaji kibali na kiingilio, lakini upande wa makazi unaweza kutembea ukingoni na kuchukua alama kwa simu. Wakazi wa muda mrefu watakuonyesha maji yalipofika na mwaka gani, wakitaja nyumba ya nani iliingiwa kwanza. Andika maelezo yao pamoja na majiranukta. Utakuta pia migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini, na ndipo utakapoelewa kwa nini ukingo wa ziwa katika picha yako una pikseli zilizochanganyika.

Anayesoma Kisumu anaweza kufanya zoezi la namna hiyo kwa gugumaji la Ghuba ya Winam au kwa mafuriko ya Kano. Tatizo lake litakuwa mawingu, kwa kuwa mafuriko huja na mvua. Setilaiti ya Sentinel-1, iliyoanza kazi 2014, hutumia rada inayopenya mawingu. Maji matulivu hayarudishi mawimbi ya rada, hivyo huonekana meusi. Kakamega ugumu ni mwingine: mikaratusi iliyopandwa na msitu wa asili vinakaribiana rangi, na miwa michanga huchanganyika na mahindi. Hapo ndipo jedwali la makosa linapohitajika, yaani kulinganisha uainishaji wako na alama ulizozikagua kwa macho, na kueleza wazi ni aina gani imechukuliwa kuwa nyingine na kwa kiwango gani.

Hatua ya sita: kuandika programu

Mwaka wa tatu, jifunze lugha ya kompyuta ya Python au R, na SQL ya PostGIS, inayotumika kuhoji hifadhidata za ramani. Huhitaji kuwa mtaalamu. Unahitaji uwezo wa kurudia kazi ileile kwa wadi zote za kaunti bila kubofya mara mia. Google Earth Engine hukuruhusu kuchambua picha za miaka mingi bila kuzipakua, na kwa mwanafunzi mwenye mtandao dhaifu hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo, lifanye zoezi la ziwa kwa mkono kwanza.

Hatua ya saba: mafunzo ya kazini na mradi wa mwisho

Omba nafasi ya atachimenti mapema, miezi kadhaa kabla ya muda wenyewe, na usiombe katika ofisi ya ardhi peke yake. Kampuni za maji za Kisumu na Nakuru zina mabomba yanayohitaji kuwekwa kwenye ramani. Kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI kilichoko Kisian kina historia ndefu ya kuchunguza malaria. Kampuni ya jotoardhi ya GDC inafanya kazi Menengai. Na idara za mipango za kaunti zina sababu ya kisheria ya kukuhitaji, kwa kuwa sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa maeneo wa miaka kumi unaojengwa juu ya hifadhidata ya GIS. Ukiandika barua ya maombi kwa mkurugenzi wa mipango, taja takwa hilo na ueleze ni tabaka gani unaloweza kulitengeneza.

Kwa mradi wa mwisho, chagua eneo unaloweza kulifikia kwa nauli yako mwenyewe. Mada kubwa kuhusu nchi nzima huishia kuwa ramani za mapambo. Andika tangu siku ya kwanza kila tabaka limetoka wapi, ni la mwaka gani, lina mfumo gani, na ulilifanyia nini. Ukikusanya habari za kaya, hasa za afya, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakubana: pata idhini ya wahusika, na katika ramani utakayoichapisha usionyeshe nukta ya nyumba ya mgonjwa, bali ijumlishe katika kijiji au kata ndogo. Droni nazo zina masharti ya mamlaka ya usafiri wa anga, na idhini yake haipatikani kwa siku moja.

Hatua ya nane: leseni na kazi

Shahada ya GIS haikufanyi mpima ardhi mwenye leseni. Kuweka mipaka ya viwanja kunatawaliwa na sheria ya upimaji, na ramani ya mpaka inayokubalika kisheria hutiwa saini na mpima mwenye leseni. Anayetaka njia hiyo apite mlango wa uhandisi tangu mwanzo, kisha afanye kazi chini ya mwenye leseni na kukaa mitihani ya bodi. Majirani watakuomba uwaamulie ugomvi wa mpaka kwa simu yako. Wakatalie kwa heshima, kwa kuwa kosa la mita 5 linaweza kuwatia shemeji wawili mahakamani.

Kwa kazi nyingine zote, mwajiri atataka kuona ulichokitengeneza. Peleka ramani tatu au nne zilizokamilika, zikiwa na kipimo, ufunguo, tarehe ya data na jina la mfumo wa majiranukta, na kwa kila ramani ukurasa mmoja unaoeleza swali lililoulizwa, namna ulivyolijibu, na mipaka ya jibu lenyewe. Ramani ya ziwa iwe mojawapo, pamoja na lile jedwali la alama ulizozichukua ukingoni.